Unafunga begi la likizo? Anza na chandarua

SHULE zimefungwa, na hapa Mbweni dalili zake huzioni kwenye kalenda tu. Alfajiri bajaji zinapita kuelekea barabara ya Bagamoyo zikiwa zimesheheni mabegi. Wengine wanawahi basi kituo cha Magufuli kule Mbezi Luis, wengine treni ya SGR. Kliniki nako swali ni moja kuanzia asubuhi: "Daktari, keshokutwa tunasafiri na watoto, tuandikie na dawa za kubeba."

Ni swali zuri, ingawa mara nyingi linaulizwa likiwa limechelewa. Kabla sijalijibu, naomba nikusimulie safari yangu mwenyewe, maana mimi pia niliwahi kufunga begi vibaya.

Miaka michache iliyopita tulikwenda Tabora kwa wazazi wa mume wangu, sisi wawili na watoto wetu wawili. Nilifunga mabegi matatu makubwa. Ndani mlikuwa na nguo za Krismasi, viatu pea mbili mbili, vitenge vya mama mkwe, pakiti kubwa mbili za pampasi za mdogo, na kifuko cha antibiotiki nilichokiita "cha tahadhari". Pembeni kulikuwa na katoni ya maji ya chupa. Begi la tatu lilipogoma kufungika nikaanza kupunguza. Nilichotoa ni vyandarua viwili. Nilijiambia ukweni vipo.

Ni kweli vilikuwepo, lakini sikukuu ile tulikusanyika watu kumi na wanne kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Watoto wakatandikiwa magodoro sebuleni. Mama mkwe aliniuliza usiku wa kwanza, "Mwanangu, wajukuu zangu hamkuwabebea chandarua?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Usijali mama, ni siku chache tu." Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alilala pale na binamu zake usiku tisa.

Siku ya sita baada ya kurudi Mbweni akapata homa. Kichwa kikamuuma, akatapika mara moja. Nikamwangalia koo, nikaona wekundu kidogo, nikasema ni mafua ya safari. Nikampa parasetamoli, homa ikashuka. Asubuhi ikapanda tena, nikampa tena. Usiku wa siku ya pili akapata degedege mikononi mwangu.

Hospitali kipimo cha haraka kilionyesha malaria, na darubini ikaonyesha vimelea wengi kwenye damu. Alichomwa sindano za atesuneti, akalazwa siku nne. Alipona vizuri, namshukuru Mungu. Lakini kuna jambo ambalo bado linaniuma. Miaka yote ya kazi yangu, mama akiniletea mtoto mwenye homa, swali langu la tatu au la nne huwa ni hili: "Mmesafiri karibuni?" Kwa mwanangu mwenyewe sikuliuliza.

Mtoto wa Dar ni mgeni wa malaria

Wazazi wengi wa Dar es Salaam wanafikiri kwamba kwa kuwa sote ni Watanzania, malaria tunaijua na miili yetu imeizoea. Mwili hauizoei malaria kwa sababu ya uraia. Unajenga kinga kidogo kidogo kwa kuugua mara kwa mara, na kinga hiyo hupungua ukikaa miaka mingi bila kukutana na vimelea.

Jiji letu kwa sasa lina malaria kidogo ukililinganisha na mikoa mingi ya magharibi, kanda ya ziwa na kusini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa takriban asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini, lakini mikoa haifanani hata kidogo: Tabora ilikuwa juu kuliko yote, wakati Arusha na Kilimanjaro ziko chini sana.

Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa na kukulia Mbweni, Bunju au Mbagala akienda likizo Tabora, Kigoma, Kagera, Geita au Mtwara, anakwenda kama mgeni. Binamu yake wa kule akiumwa na mbu yule yule anaweza kupata homa ndogo tu. Huyu wako anaweza kuishia wodini. Na wewe mzazi uliyekulia Kigoma lakini umekaa Dar miaka ishirini, usijitegemee sana. Kinga yako ya utotoni imepungua.

Kwa hiyo swali la kwanza unapofungua begi tupu lisiwe "watoto watavaa nini siku ya sikukuu?" Liwe "watalala wapi, na ndani ya nini?" Beba chandarua chenye dawa kwa kila kitanda au godoro watakalolalia watu wako, pamoja na kamba na misumari minne. Nasisitiza kamba na misumari, kwa sababu nimeona vyandarua vingi vilivyosafiri kilomita mia nane vikarudi vimekunjwa vile vile kwa kukosa pa kuning'inizwa. Kikichafuka, kifue taratibu kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, bila jiki, kisha kianike kivulini.

Mama mjamzito ndiye wa kwanza kupewa chandarua kwenye nyumba hiyo. Malaria kwake ni hatari kwa maisha mawili. Safari isimkatishe dozi za SP anazopewa kliniki, na asisahau kadi yake.

Mkoba usioingia kwenye buti

Jambo la pili nililojifunza ni kugawa mizigo. Begi kubwa liende kwenye buti la basi au chini ya ndege. Vitu vya afya viwe kwenye mkoba mdogo unaokaa miguuni kwako. Begi la kwenye buti linaweza kuchelewa, kupotea, kulowa au kuchemka karibu na injini, na ukikwama njiani usiku hutafunguliwa buti ili utafute dawa ya mtoto.

Kwa familia yenye watoto, mkoba huo uwe na vitu hivi:

• Dawa zote ambazo mtu wa familia anatumia kila siku, za kutosha safari nzima na wiki moja zaidi, zikiwa kwenye pakiti zake zenye jina.

• Kipimajoto. Mkono wa mama kwenye paji la uso si kipimo.

• Parasetamoli ya mtoto pamoja na kijiko chake cha kupimia. Dozi hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo mpime kabla ya safari.

• Pakiti nne au tano za ORS, na vidonge vya zinki. Soma pakiti uone inahitaji maji kiasi gani, nyingi ni lita moja. Ukishakoroga, mwaga kinachobaki baada ya saa 24. Mtoto mwenye kuhara apewe pia zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumeacha.

• Bandeji, pamba, sabuni ya kipande na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu.

• Kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima, na karatasi yenye majina ya dawa, mzio na namba ya simu ya ndugu.

Vyote hivi vinaenea kwenye mkoba wa shule wa mtoto wa darasa la kwanza.

Neno moja kuhusu kutapika njiani. Wazazi wengine huwapa watoto promethazini ili wasitapike, na tuseme ukweli, ili walale. Dawa hiyo haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kumpunguzia pumzi hadi kumuua. Mkalishe mbele karibu na dirisha, mpe chakula kidogo kisicho na mafuta mengi, mzuie kuangalia simu. Kama umezoea kubeba rambo za kutapikia, kumbuka mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Kopo lenye mfuniko linafanya kazi vizuri zaidi na linaoshwa.

Mwenye ugonjwa wa kudumu

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mtu anakwenda wiki mbili, anabeba dawa za wiki moja, anatumaini atazikuta huko. Mara nyingine anazikuta, mara nyingine anakuta za aina nyingine.

Mwenye kisukari anayetumia insulini aibebe mwilini, si kwenye buti na si kwenye mzigo wa chini ya ndege. Joto kali huiharibu, na kuganda huiharibu kabisa, hivyo usiilaze juu ya barafu moja kwa moja. Kichupa kilichokwisha kufunguliwa hukaa nje ya friji takriban wiki nne bila shida, ilimradi pawe na kivuli na joto lisizidi nyuzi 30. Kijijini ambako hakuna umeme, tumia chungu cha udongo: weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati yao jaza mchanga, umwagie maji mchanga huo asubuhi na jioni. Insulini iliyofungwa vizuri ikae ndani ya chungu kidogo. Bibi zetu walipoza maji hivyo, na ubaridi ule unaisaidia insulini pia. Sindano zilizotumika usizitupe chooni wala jalalani wanakocheza watoto. Ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, urudi nazo kliniki.

Mtoto mwenye selimundu abebe haidroksiyurea na foliki asidi kama ameandikiwa, na maji ya kunywa njia nzima. Mtamkuta na maumivu makali kama atakaa saa kumi na mbili bila maji kwa kuogopa kujisaidia njiani. Kama mnakwenda Lushoto, Mbulu, Makete au Rungwe, sweta, soksi na blanketi ni sehemu ya dawa zake, kwani baridi huamsha maumivu. Kwake malaria ni hatari maradufu, kwa hiyo muulize daktari wake kuhusu dawa ya kinga kabla hamjaondoka.

Mwenye pumu, dawa ya kuvuta ikae mfukoni. Mwenye kifafa au anayetumia dawa za kufubaza virusi asikose hata dozi moja kwa sababu ya safari. Aweke mlio wa simu. Mwenye ualbino abebe kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua. Ile ya Kilisun inatengenezwa hapa hapa nchini, KCMC Moshi.

Vya kuacha nyumbani

Begi la busara linajulikana pia kwa vitu visivyokuwemo. Nilipofungua mabegi yangu baada ya safari ile ya Tabora, nilikuta nusu ya vitu havikuguswa, na vingine viliacha uchafu nyuma yetu.

Pampasi nilizobeba ziliishia kwenye choo cha shimo cha mama mkwe, kwa sababu kijijini hakuna gari la taka. Pampasi haiozi upesi, na choo kinachojaa kabla ya wakati ni gharama ya mzee wa miaka sabini. Siku hizi nawashauri wazazi wabebe nepi za kitambaa kumi na mbili kwa matumizi ya kawaida, na pampasi chache za safarini tu. Zilizotumika zifungwe, zitupwe mahali penye huduma ya taka. Wasichana nao wanaweza kubeba pedi za kitambaa, mradi zioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani, si kufichwa chini ya godoro.

Katoni ya maji ya chupa haina sababu. Chupa moja ngumu kwa kila mtu, na maji yaliyochemshwa hadi yakatokota vizuri kisha yakafunikwa, yanatosha. Kama huna uhakika na kuni au gesi, beba vidonge vya kutibu maji na ufuate maelekezo ya pakiti.

Antibiotiki "za tahadhari" ziache. Kuhara kwa watoto mara nyingi huletwa na virusi, na mafua pia. Antibiotiki haziwasaidii hao, na kila dozi inayotumika bure inawafundisha bakteria kuzikwepa. Dawa mseto ya malaria nayo usiibebe ili kumnywesha mtoto kila anapopata joto. Zahanati za vijijini zina kipimo cha haraka cha malaria, kinatoa jibu ndani ya dakika kama ishirini. Pima kwanza. Ukipewa mseto, mpe pamoja na chakula au maziwa, umalize dozi zote sita kwa siku tatu, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili.

Kama ndugu wanakuja kutoka nje

Desemba si mwezi wa kwenda mkoani tu. Ni mwezi wa kupokea pia. Kama una dada anayetoka Uingereza au kaka anayetoka Marekani na watoto waliozaliwa huko, mtumie ujumbe leo, si siku ya kumpokea uwanjani.

Mwambie watoto wake hawana kinga yoyote ya malaria. Waende kwa daktari wa huko wapewe dawa za kuzuia, ambazo huanza kabla ya safari na huendelea baada ya kurudi: siku saba kwa Malarone, wiki nne kwa doksisaiklini. Wengi huziacha wakifika, kwa sababu wanaona sisi hatunywi. Mwambie pia abebe nguo nyepesi za mikono mirefu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini mbu wa dengue huuma mchana, na Dar es Salaam imewahi kupata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Homa ikimpata mgeni, asimeze aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni kabla hajapimwa, kwani kwenye dengue zinaweza kuongeza kutokwa damu. Parasetamoli inatosha wakati anakwenda kupima.

Akiulizia alete nini, msiombe dawa. Niliwahi kuletewa bibi aliyekuwa anaanguka kila akisimama. Kwenye kanga yake alikuwa amefunga vidonge alivyopewa na mjukuu, vilivyobaki kwa mtu mwingine, maandishi yake ya Kiswidi. Alidhani ni vya miguu. Vilikuwa vya presha, na bibi alikuwa tayari anatumia vya kwetu. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba dawa zilizowahi kutolewa kwa mgonjwa mmoja zisigeuzwe msaada kwa wengine. Na hata mwenye nia ya kuisaidia zahanati ya kijiji aiulize kwanza inahitaji nini, afuate taratibu za TMDA. Mara nyingi jibu litakuwa mashine ya kupimia presha, mizani ya watoto, au fedha za kukarabati tangi la maji.

Na kama safari ni ya kuvuka mpaka kwenda Uganda au Kongo, angalieni kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huchukua siku kumi kabla cheti hakijaanza kutambulika, lakini tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi.

Mkisharudi

Safari haiishi mabegi yanapofunguliwa. Vimelea vya malaria huchukua siku saba au zaidi tangu mbu aume hadi homa itokee, na wakati mwingine wiki kadhaa. Kwa hiyo kwa miezi mitatu baada ya kurudi, homa yoyote ya mtoto au ya mtu mzima ni malaria mpaka kipimo kikatae. Mpeleke siku hiyo hiyo. Na ukifika, usingoje daktari aulize. Mwambie wewe: "Tulikuwa Tabora." Maneno hayo mawili yanaweza kumwokolea mtoto wako siku mbili, na kwenye malaria siku mbili ni nyingi.

Usisubiri kabisa ukiona mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, analegea, anapumua kwa shida, anapata degedege au mkojo unakuwa mweusi. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo.

Mwaka uliofuata tulirudi Tabora na mabegi mawili. Kitu cha kwanza kuingia kilikuwa vyandarua vinne, kamba na misumari. Mama mkwe alipoviona hakusema kitu, alikwenda tu kuleta nyundo. Viwili tuliviacha kwake tulipoondoka, kwa ajili ya wajukuu wengine watakaokuja.

Safari njema, na likizo njema kwa watoto.